Nyumba imejaa, uanzie wapi?

Shaabani ikiingia, Mji wa Kale wa Lamu hunukia sabuni na chokaa. Mabusati hupandishwa darini yakapigwa vumbi, mapazia huteremshwa, masufuria husuguliwa mpaka yang'ae. Kazi huenda vizuri hadi ifike kwenye chumba kimoja ambacho karibu kila nyumba inacho. Mlango wake haufunguki wote kwa sababu kuna kitu nyuma yake. Ndani mna kasha lililokatika bawaba, feni mbili zilizoliwa na hewa ya chumvi, mifuko ya nguo za watoto ambao sasa wana watoto wao, godoro lililokunjwa, madaftari ya shule, viti vya plastiki vya biashara ya kukodisha iliyokufa zamani, na maboksi ambayo hakuna anayekumbuka yana nini. Mwenye nyumba husimama kizingitini, hutazama, hushusha pumzi, hufunga. Baada ya Idi, inshallah.

Watu hulieleza jambo hili kwa uvivu, na maelezo hayo hayasimami. Mwanamke huyohuyo anayeufunga mlango ule ndiye anayesimamia pilau ya harusi ya watu mia tatu, tangu mchele kuchaguliwa hadi sinia la mwisho kurudi, bila kupandisha sauti. Nguvu anazo. Kupanga anajua. Basi chumbani mle mna nini kinachomshinda?

Kazi ndogo, maswali mengi

Shughuli ya harusi ina kazi nyingi na maswali machache. Mchele unaoshwa, nyama inakatwa, kuni zinapangwa. Kila mmoja anajua kinachofuata, na asiyejua anaambiwa. Chumba kile kimegeuza mambo. Kubeba vyote vilivyomo ni kazi ya saa chache kwa vijana wawili. Lakini kila kitu unachokiinua kinakuuliza. Kinafanya kazi? Ni cha nani? Kilinunuliwa kwa pesa ngapi? Aliyenipa akikiulizia nimwambie nini? Kikitoka kiende wapi, na nani atakibeba? Maswali matano kwa feni moja mbovu, na hakuna hata moja linalofanana na jingine: la kwanza ni la fundi, la pili ni la mirathi, la tatu ni la mfuko, la nne ni la heshima, la tano ni la usafiri.

Akili ya binadamu haina nafasi ya kuyashika yote kwa pamoja. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller wa Marekani aliandika kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hushika vitu saba hivi kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliupitia ushahidi upya akakishusha kiwango hicho hadi vinne hivi. Ukiinua feni yenye maswali matano, nafasi imejaa kabla hujaligusa godoro. Ndipo mtu hujikuta amesimama katikati ya chumba, anahamisha kitu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kisha anakirudisha kilipokuwa.

Kuna utafiti wa Los Angeles unaogusa jambo hili. Mwaka 2010 Darby Saxbe na Rena Repetti walichapisha matokeo kuhusu waume na wake 60 kutoka nyumba ambazo mume na mke wote wawili walikuwa na ajira. Kila mmoja alipita nyumbani kwake na kamera akiieleza nyumba kwa maneno yake mwenyewe, kisha kortisoli, homoni inayopanda mwili ukiwa chini ya shinikizo, ikapimwa kwenye mate kwa siku kadhaa. Kwa kawaida homoni hiyo huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyokwenda. Kwa wanawake walioizungumzia nyumba yao kama yenye fujo na kazi zisizokwisha, ilishuka kidogo kuliko inavyotarajiwa, na moyo wao ulizidi kuwa mzito siku ikiendelea. Kwa waume jambo hilo halikujitokeza hivyo. (Wanawake wa Langoni na Mkomani wangeweza kuwaeleza haya bila kupimwa mate.) Matokeo hayo hayathibitishi kuwa vitu ndivyo vinavyomchosha mtu, huenda aliyekwisha kuchoka ndiye anayeiona nyumba imemshinda. Ila tazama kilichohesabiwa pamoja na fujo: maneno yanayotaja kazi ambayo haijaisha. Chumba kilichofungwa bado kinadai kila unapopita mlangoni pake.

Ushauri uliotungwa kwa nyumba nyingine

Mtandaoni ushauri ni mwingi na karibu wote unafanana. Toa kila kitu, mwaga sakafuni, gawa mafungu matatu, pakia garini, peleka kwenye duka la hisani kabla ya jioni. Ushauri huo ulitungwa kwa nyumba ya mwenyewe mmoja, yenye sakafu pana, gari mlangoni na lori la taka linalopita kila wiki. Nyumba ya Mji wa Kale haina hata kimoja kati ya hivyo.

Nyumba ya mawe ya zamani ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, dari yake ikabebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, chini ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha kumbi mbili, msana wa tini na msana wa yuu, kisha ndani. Anayekwenda ndani hupitia misanani. Ukimwaga vitu vya chumba kizima msana wa tini, umeifunga njia ya kila mtu, pamoja na mzee anayetaka kwenda kutawadha.

Halafu muda hudanganya. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha uchunguzi ambamo wanafunzi wa chuo kikuu waliulizwa tasnifu zao zitakwisha baada ya siku ngapi. Wastani wa makisio ulikuwa siku 34. Wastani wa siku walizotumia kweli ulikuwa 55 na ushei. Kwenye chumba cha vitu kosa ni hilohilo. Unakisia nusu siku. Magharibi inakukuta na mlima sakafuni, watoto wanataka kulala, na vyote vinasukumwa ndani tena, sasa vikiwa vimechanganyika kuliko asubuhi. Anayesema chumba kile hakitengenezeki hazushi. Amekwisha kujaribu kwa njia hiyo.

Kwa hiyo ikate kazi iwe ndogo kiasi cha kumalizika kabla ya adhana inayofuata. Nyumba yenyewe imekwisha kukukatia vipande: kidaka kimoja (kile kishubaka cha ukutani), droo moja, rafu moja ya kabati, kasha moja. Baina ya Alasiri na Magharibi kidaka kinaweza kutolewa vitu vyote, kikapanguswa, kikarudishiwa vinavyobaki. Kasha kubwa la nguo litataka zaidi. Basi fanya nusu yake. Kipimo ni kwamba ukiitwa ghafla, sakafu iwe wazi ndani ya dakika tano.

Na chagua msimu. Wakati wa masika huwezi kuanika godoro, na hamali aliyebeba kabati huteleza vichochoroni. Miaka hii Shaabani inaangukia kwenye kaskazi, miezi mikavu, bahati ambayo haitadumu kwa sababu mwezi huo husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka.

Njia ya kutokea kwanza

Watu wengi huanza na kuchagua. Lamu afadhali uanze na kutoka: ujue kila aina ya kitu itaondoka vipi kabla hujafungua boksi hata moja. Mfuko uliochaguliwa vizuri ukawekwa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, kwa siku kumi lazima utafunguliwa. Mtu hupita, huchungulia, huchomoa shati. Mwezi ukiandama mfuko umerudi chumbani.

Kutoa kitu hapa kuna gharama. Friji mbovu haiwezi kupakiwa kwenye gari mlangoni kwa kuwa gari haliingii vichochoroni. Itaitiwa mkokoteni, au mahamali wawili, au punda kama mzigo ni wa kuingia kwenye shogi, na kila safari hulipiwa. Hii ni mojawapo ya sababu za vitu kulimbikizana kisiwani, na haihusiani na tabia ya mtu. Kukiingiza kitu kulikuwa taabu, kukitoa ni taabu vilevile. Ukimwita mwenye mkokoteni kwa friji peke yake utaona ghali. Ukipatana na majirani wenye mabati na majiko yao mabovu, gharama inagawanyika.

Vyuma vina wanunuzi. Biashara hiyo iko chini ya sheria ya mwaka 2015 inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni, kwa hiyo muulize kabla ya kumkabidhi nyaya za shaba. Ndoo zilizopasuka na ndara kuukuu nazo zimepata pa kwenda. Wenye mradi wa Flipflopi waliunda Lamu jahazi la plastiki iliyotupwa, lililovikwa ndara nje. Lilizinduliwa mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kazi ya kukusanya na kuchakata plastiki ikaendelea baada ya hapo. Taka nyingine, sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Ukizitenganisha hukohuko chumbani umejiokolea kazi ya pili. Dawa zilizopita muda zisimwagwe chooni; waulize wa duka la dawa au zahanati wakuelekeze. Betri zilizovuja zitiwe kwenye chombo chake, mbali na watoto.

Nguo zina njia yake, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mkusanyiko mkubwa wa "sadaka" unaotoka kwenye makasha yetu ni vitu ambavyo mtoaji mwenyewe asingevivaa kwenda hata sokoni. Al-Baqara, aya ya 267, imelisema wazi: usikusudie kutoa kibaya ambacho wewe mwenyewe usingekipokea ila kwa kufumba macho. Nguo nzima iliyokubana ni sadaka. Iliyochanika ni tambara la kupangusia, na ikizidi hapo ni taka. Kuipeleka kwa mwenye shida ni kumhamishia yeye chumba chako.

Vya kwako, kisha vya wenzako

Mvuvi anayefumua wavu ulioshikana hauvuti katikati. Hutafuta ncha iliyo huru. Chumbani, ncha iliyo huru ni vile vitu visivyo na swali: boksi tupu la televisheni, magazeti yaliyoliwa na mchwa, chupa, chaja za simu ambazo hazipo tena, kopo la rangi lililokauka. Havina mwenyewe wa kuulizwa wala thamani ya kubishaniwa. Pita chumba kizima na gunia ukivitia hivyo tu, usiguse kingine. Kazi hii haihitaji sakafu kwa sababu kila kitu kinakwenda guniani moja kwa moja. Maboksi ya karatasi hasa yatoke. Yakiegemea ukuta wa matumbawe huvuta unyevu, na mchwa na mende hufuata. Aliyemaliza hatua hii huwa amepata nafasi ya kusimama, na bado hajafanya uamuzi wowote mgumu.

Kisha vya kwako peke yako. Hapa kinachozuia ni kitu kingine. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ya vikombe: baadhi ya wanafunzi walipewa kikombe, wengine hawakupewa, kisha wakaruhusiwa kuuziana. Waliopewa walikuwa wamekimiliki kwa muda mfupi mno, lakini walitaka bei iliyofika mara mbili hivi ya ile wenzao waliyokuwa tayari kulipa. Kikombe ni kilekile. Kukimiliki ndiko kulikokipandisha machoni mwao. Ikiwa kikombe cha kupewa darasani kinafanya hivyo, gauni la Idi la miaka kumi na mitano je? Njia ya kutoka ni kugeuza swali. Usijiulize kama unaweza kuachana nacho. Jiulize: kama kingekuwa dukani Mombasa leo, ningekinunua, nikalipia basi, boti ya kutoka Mokowe na hamali wa kukifikisha hapa? Na pesa uliyokinunulia usiiweke kwenye mizani. Ilikwisha kutoka siku ile.

Hoja moja washauri wa mbali huidharau, na mimi siidharau: huenda kitafaa. Kisiwani, skrubu moja ikikosekana kazi inaweza kulala mpaka boti ya kesho. Fundi wa mashua anayeweka vipande vya mbao na misumari anajua anachofanya. Shida ni kwamba kuuliza kama kitu kitafaa hakuamui lolote, maana karibu kila kitu kinaweza kufaa. Uliza hivi: siku nikikihitaji, nitakumbuka kuwa ninacho, na nitakipata kwa muda usiozidi wa kwenda dukani na kurudi? Propela ya mota iliyo chini ya magodoro matatu haina tofauti na propela usiyokuwa nayo. Siku ikifika utanunua nyingine, kisha utakuwa nazo mbili.

Karatasi ziache. Barua moja ya zamani inaweza kula asubuhi nzima. Zikusanye zote kwenye chombo kimoja chenye kifuniko, bila kuzisoma, zisubiri mwisho. Zitakapofika zamu yake, hati za ardhi na vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo vinabaki. Mwenye biashara aweke kumbukumbu za kodi kwa miaka 5 kama sheria inavyotaka. Na karatasi yoyote iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hata ikionekana kama orodha ya madeni ya duka, isitupwe kabla ajuaye hajaisoma. Kwa karne kadhaa Kiswahili cha Lamu kiliandikwa kwa herufi hizo, na hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Kilichokuwa kwenye kasha la babu yako hakina nakala.

Vyombo vya shughuli

Kuna vitu ambavyo kwa hesabu ya mtandaoni vingeonekana wazimu. Masinia thelathini, masufuria ya kuingia mtu mzima, mabirika, majagi, mikeka, vikombe vya kahawa kwa dazeni, vyetezo vinne, na nyumba ina watu sita. Ile kanuni ya kwamba usichokitumia mwaka mzima ukitoe inaanguka hapa. Sufuria ya harusi inaweza kukaa miaka miwili bila kuguswa na bado ikatakiwa usiku mmoja, kwa sababu msiba haupigi hodi na hitima haingoji duka lifunguliwe. Vyombo hivi vimewekwa kwako, lakini ni vya ukoo na mtaa. Anayekwambia uviuze hajawahi kuandaa maulidi.

Kuwa navyo siyo tatizo. Tatizo huanza kila nyumba ya ukoo inapokuwa na seti yake kamili, ama kwa kuona haya kuazima, ama kwa sababu vilivyoazimwa safari iliyopita havikurudi. Dada watatu wa mitaa mitatu wanaweza kuwa na masinia tisini baina yao, na hawajapata kufanya shughuli ya masinia tisini. Hapo mtu mmoja hawezi kupunguza peke yake hata akijitahidi vipi. Ni jambo la kikao: nani ana nafasi, vyombo vikae kwa nani, nani ashike daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na nina shaka walikuwa wakifikiria masinia. Tia alama ya rangi chini ya kila chombo. Kinapotoka, picha ya simu na jina la aliyekichukua vinatosha. Kikao kama hicho kikiisha vizuri, nyumba mbili kati ya tatu hupata nafasi kwa mkupuo mmoja, nafasi ambayo kuchagua droo kwa droo kungeitafuta mwaka mzima.

Leso ni jamaa ya jambo hili. Pea ambazo hazijakatwa, zilizojaa kasha, mara nyingi zilipokewa harusini na zitatolewa harusini. Ni zawadi zinazozunguka. Zilizosimama kuzunguka ndizo za kuangaliwa. Ikiwa unajua inayofuata utampa nani, iache. Ikiwa kasha zima halina hata jina moja la mtu, zimekwama, na mwisho zitakatika mikunjoni.

Vya marehemu

Katika familia nyingi za zamani za Lamu, binti hupewa nyumba au ghorofa anapoolewa, na mume huhamia kwake. Nyumba inapita mikononi mwa wanawake, na vitu hubaki humohumo: kitanda cha bibi, kasha la mama, cherehani ya shangazi. Hakuna anayevigusa. Sababu inayosemwa ni huzuni, na huzuni ipo. Lakini mara nyingi chini ya huzuni kuna swali ambalo halijatamkwa mbele za watu: hivi ni vya nani?

Sheria ya Kiislamu imeliwekea swali hilo utaratibu. Gharama za maziko kwanza, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi ya mali, na kinachobaki ni cha warithi kwa mafungu yao. Cherehani imo ndani ya hesabu hiyo sawa na shamba la minazi. Aliyebaki ndani ya nyumba hana haki ya kuigawa peke yake, hata kwa nia ya sadaka. Kwa hiyo mkono wake unaposita juu ya kasha, unasita kwa haki. Wanaomwambia "toa tu, dada, utapumua" wanamsukuma kwenye ugomvi wa ndugu.

Kinachosaidia ni orodha. Usitoe kitu; andika tu, kasha kwa kasha, piga picha, tuma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Ndugu walioko Mombasa, Muscat au Jeddah wataona. Wengine watataka kitu kimoja usichokitarajia, kikombe kilichokatika mkono, na kuachilia kasha zima. Weka siku ya kujibu, na asiyejibu apigiwe simu, maana kunyamaza kwenye kundi si ridhaa. Mjane aliye edani, miezi minne na siku kumi, asiharakishwe. Kikibaki cha kugombaniwa kweli, ipo Mahakama ya Kadhi, ambayo kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimeipa mamlaka ya mirathi kwa Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Ni mara chache feni hufika huko.

Kuna pia nyumba ambayo orodha haiisaidii. Mtu hawezi kuachana na chupa tupu, kitanda hakilaliki kwa vitu, jiko halipikiki, na ukigusa anatetemeka. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani umeutambua ulimbikizaji wa namna hiyo kuwa ugonjwa unaosimama peke yake. Kumvizia akiwa safarini mkamtolea vitu ni kumuumiza, na huanza kukusanya tena. Huyo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili wa kuzungumza naye taratibu, na jamaa wenye subira.

Vya mwisho kuguswa viwe vile vikongwe kabisa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa. Sahani ya kauri iliyokaa kwenye kidaka tangu enzi za bibi ya bibi yako inaweza kuingia fungu la kwanza, na ule ubao wa nakshi ulioegemezwa ukutani nyuma ya godoro ukaingia la pili. Kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Mtu aliyechoshwa na vumbi huuza kwa bei ya kuondolewa taka, na wanunuzi wanalijua hilo. Makumbusho ya Lamu yako palepale ufuoni. Peleka picha wakueleze ni kitu gani ulicho nacho. Mnunuzi aliyesimama dakani mpe kahawa, umwambie arudi wiki ijayo.